Diski Iliyochakaa Zaidi Siyo Iliyouma: Uchambuzi wa Kisa cha Dereva wa Miaka 47

Mgonjwa wa kisa hiki ni wa mfano. Ametungwa kutokana na dalili, vipimo na mwenendo wa ugonjwa unaojirudia kila mara katika kliniki za mgongo. Tumemchagua kwa sababu picha yake ya MRI inampotosha msomaji, na hakuna njia ya kuusahihisha upotofu huo bila kuelewa diski, yaani mito iliyo kati ya pingili za mgongo, huzeeka vipi.

Ni mwanamume wa miaka 47, dereva wa lori kwa miaka 19, mwenye uzito wa kilo 88. Tangu miaka ya thelathini amekuwa akiumwa kiuno mara kwa mara. Kila mara maumivu hukaa wiki mbili tatu, kisha huisha yenyewe. Mara ya mwisho ilikuwa miaka saba iliyopita. Safari hii mambo yakawa mengine. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, na baada ya nusu saa akainama kuinua sanduku la vifaa la kilo 20 ili alipakie kwenye lori. Akahisi kiuno kimechomwa, akamaliza siku kwa tabu. Kesho yake kiuno kilitulia, lakini maumivu mapya yakaanza kwenye tako la kushoto, yakashuka upande wa nje wa paja, yakapita nje ya muundi na juu ya mguu hadi kidole gumba, makali kama shoti ya umeme. Akikohoa yanaongezeka. Kukaa kunamtesa kuliko kusimama, na nafuu anaipata akilala chali huku miguu imekunjwa juu ya mito.

Wiki ya pili alipigwa MRI. Akaisoma ripoti, akaambiwa pingili zake za chini "zimesagika", na wiki ya tatu akaja na swali moja tu: upasuaji wa L5/S1, yaani diski iliyo kati ya pingili ya tano ya kiuno (L5) na ya kwanza ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno (S1), utafanyika lini?

Ripoti yenyewe, kwa ufupi, ilisema hivi. Diski ya L5/S1, ile ya chini kabisa, ni nyeusi tii na imebaki theluthi moja ya urefu wake. Ni daraja la V kwa kipimo cha Pfirrmann, ambacho huanzia I kwa diski nyeupe yenye maji mengi hadi V kwa diski nyeusi iliyobonyea. Kingo za pingili zake zimeota vichomozo vya mfupa, na uboho ulio jirani umegeuka kuwa mafuta, yaani mabadiliko ya Modic aina ya 2. Diski ya L4/5, iliyo juu yake, ni ya kijivu, daraja la III, urefu umepungua kidogo, na kipande cha kiini chake, ute wa katikati, kimetoka nyuma upande wa kushoto kwa milimita 7. L3/4 imetuna kidogo kuzunguka ukingo. Zilizobaki juu ni za daraja la II.

Mtu yeyote akitazama picha hiyo, jicho linakwenda moja kwa moja L5/S1. Ndiyo mbaya, nyeusi, imelala. Ndiyo aliyoonyeshwa mgonjwa kwa kidole. Na ndiyo isiyohusika na mguu wake.

Mwili husomwa kabla ya picha

Maumivu yanayoshuka nje ya muundi hadi juu ya mguu na kidole gumba ni ramani ya mzizi wa neva wa L5. Mzizi wa S1 hupita nyuma, kwenye shavu la mguu, ukaishia kisigino na ukingo wa nje wa wayo. Mzizi wa L4 huchukua sehemu ya mbele ya paja na upande wa ndani wa muundi. Ramani hizi huingiliana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo hazitoshi peke yake. Ndiyo maana misuli na refleksi, mruko wa misuli ikigongwa kwa nyundo, hupimwa.

Alipolala chali na mguu wa kushoto kuinuliwa ukiwa umenyooka, maumivu ya mguu yalianza kwenye nyuzi 40. Kipimo hiki kina maana hasa pale maumivu yanapotokea kati ya nyuzi 30 na 70 na yanaposhuka chini ya goti. Kuvutwa tu kwa nyuma ya paja si jibu. Kuinua kidole gumba dhidi ya mkono wa mpimaji kulikuwa na nguvu 4 kati ya 5, na kutembea kwa visigino kulimshinda kidogo upande wa kushoto. Kutembea kwa ncha za vidole alikuweza sawasawa. Refleksi ya goti ilikuwepo pande zote mbili, na ya kisigino pia.

Hii refleksi ya kisigino ni ya kushikilia. Diski ya L5/S1 ikitoka mahali inapotoka kwa kawaida, nyuma na kando kidogo ya katikati, huubana mzizi wa S1, na mara nyingi refleksi ya kisigino hufifia au mgonjwa hushindwa kujiinua kwa ncha za vidole. Hapa vyote vilikuwa sawa. Kwa upande mwingine, mzizi unaopita nyuma ya diski ya L4/5 kuelekea chini ni L5, kwa sababu mzizi wa L4 umeshatoka kwenye tundu lake juu ya usawa wa diski hiyo. Kipande cha milimita 7 kilikuwa kimekaa hapohapo, kwenye kona ya mfereji wa neva.

Kulikuwa na njia moja tu ambayo L5/S1 ingeweza kulaumiwa kwa haki. Mzizi wa L5 hutoka kwenye tundu la pembeni katika usawa wa L5/S1, na diski iliyobonyea huweza kulifinya tundu hilo. Kwa hiyo picha za ubavuni zilirudiwa kutazamwa, zamu hii kwa kulenga matundu. Tundu la kushoto lilikuwa limepungua, lakini mafuta meupe yalionekana kuizunguka neva pande zote. Neva iliyobanwa hupoteza mafuta hayo. Mjadala ukafungwa hapo.

Vilevile aliulizwa kuhusu haja ndogo, haja kubwa, nguvu za kiume, na kama ana ganzi kati ya mapaja na kuzunguka njia ya haja. Maswali haya hayaachwi kwa aibu. Ganzi ya eneo hilo, mkojo usiotoka ingawa kibofu kimejaa, au udhaifu wa miguu yote miwili ni dalili za kubanwa kwa fungu zima la neva za mkiani mwa uti wa mgongo, na hapo mgonjwa hupelekwa hospitali yenye upasuaji siku hiyohiyo. Yeye hakuwa nazo.

Diski ilivyokuwa na inavyokuwa

Binadamu ana diski 23, kuanzia kati ya pingili ya pili na ya tatu ya shingo hadi L5/S1, na kwa pamoja hufanya takriban robo ya urefu wa safu ya pingili. Kila moja ina sehemu tatu. Katikati kuna kiini, ute mzito unaoteleza. Kukizunguka kuna pete ya nyuzi, yenye matabaka kama 15 hadi 25; nyuzi za kila tabaka hulala kwa mshazari, na tabaka linalofuata hugeukia upande wa pili, kama matabaka ya ukili uliosukwa kinyumenyume. Juu na chini kuna bamba jembamba la gegedu, lisilozidi sana milimita moja, linaloiunganisha diski na mfupa.

Kinachokifanya kiini kishike maji ni molekuli kubwa iitwayo agrekani, ya kundi la proteoglikani. Ina matawi mengi yenye chaji hasi, chaji hizo huvuta sodiamu, na sodiamu huvuta maji. Mtoto mchanga ana kiini chenye maji karibu asilimia 90. Kijana takriban 80. Mzee karibu 70. Tofauti ya asilimia 10 inasikika ndogo, lakini kazi ya kiini ni kuugeuza uzito unaotoka juu uwe msukumo ulio sawa pande zote, na kazi hiyo hufanywa na kitu kilicho karibu na kimiminika. Kiini kikikauka na kujaa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, hukoma kusambaza uzito. Pete, iliyoumbwa kuvutwa, hujikuta inagandamizwa. Matabaka yake hujikunja, mengine kuelekea ndani.

Kwa nini inaanza mapema hivyo? Jibu liko kwenye chakula. Utotoni mishipa ya damu huingia kwenye bamba la gegedu na ukingo wa pete, kisha hujiondoa kadiri mtoto anavyokua, na seli za asili za kiini, mabaki ya uti wa awali wa kiinitete, hutoweka kwa sehemu kubwa kufikia umri wa miaka 10 hivi. Diski ya mtu mzima ndiyo tishu kubwa kuliko zote mwilini isiyo na mishipa ya damu. Seli zilizo katikati zinaweza kuwa milimita 6 hadi 8 kutoka kapilari, mshipa mdogo kabisa wa damu, ulio karibu, na kila chembe ya glukosi inazifikia kwa kupenya taratibu kwenye bamba. Oksijeni ni haba, seli huchoma glukosi bila oksijeni na kutoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo inarudi kwa njia ileile ya polepole. Bamba likianza kujaa chokaa au kupasuka, diski inabanwa pande zote mbili: chakula hakiingii, taka hazitoki. Seli chache zilizopo haziwezi kuifanyia ukarabati nyumba kubwa namna hiyo. Agrekani hudumu miaka mingi kabla ya kubadilishwa, na kolajeni hudumu miongo. Sukari hujishikiza kwenye nyuzi za kolajeni, zikawa ngumu na za rangi ya kahawia. Ukiona diski ya mzee iliyokatwa, rangi hiyo ndiyo inayokukaribisha.

Jambo moja hupotoshwa sana hapa. Wengi huamini uzee wenyewe huzibonyeza diski zote, na ndiyo maana wazee hupungua kimo. Vipimo vya maiti na vya picha vimeonyesha kwamba diski nyingi za wazee huhifadhi urefu wake, na nyingine hutuna katikati kwa sababu bamba la mfupa limezama kutokana na mifupa kupungua uzito. Sehemu kubwa ya kimo kinachopotea uzeeni hutokana na miili ya pingili na kupinda kwa mgongo. Diski moja iliyolala kabisa huku jirani zake zimesimama, kama L5/S1 ya mgonjwa huyu, imepitia jambo zaidi ya umri: mara nyingi ni mpasuko wa bamba au wa pete uliotokea miaka mingi nyuma. Vile vipindi vya kuumwa kiuno tangu miaka ya thelathini huenda vilikuwa alama za njia hiyo.

Kwa nini L4/5, kwa nini alfajiri

Ili kiini kitoke, vitu viwili lazima vikutane: pete iliyochoka na kiini ambacho bado kina shinikizo la kusukuma. Kijana wa miaka 18 ana shinikizo, lakini pete yake ni imara. Mzee wa miaka 75 ana pete yenye nyufa, lakini kiini chake kimekauka na kushikamana, hakina cha kusukuma. Kwake, kinachotoka mara nyingi huwa kipande cha bamba la gegedu kilichong'oka. Ndiyo maana diski kutoka ni ugonjwa wa watu wa kati ya miaka 30 na 50, na zaidi ya asilimia 90 ya matukio ya kiunoni ni L4/5 na L5/S1. Daraja la III ndilo eneo la hatari. Daraja la V, kwa habari ya kutoka kwa kiini, limevuka.

Saa nayo ina maana. Usiku, mzigo ukiondoka, diski hunyonya maji na kuvimba, mchana huyatoa. Kimo cha mtu hupungua kwa takriban asilimia 1 kati ya asubuhi na jioni, na zaidi ya nusu ya upungufu huo hutokea ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Katika vipimo vilivyofanywa mwaka 1999 kwa kuingiza kihisi kwenye diski ya L4/5 ya mtu wa kujitolea mwenye miaka 45, shinikizo lilipanda kutoka megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.1 hadi 0.24 katika saa saba za kulala. Diski iliyovimba haikunjiki kirahisi: utafiti wa mwaka 1987 uliona mkazo wa kuinama juu ya diski alfajiri ni mkubwa kwa takriban asilimia 300 kuliko baadaye mchana. Katika vipimo vile vya 1999, kuinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda kulitoa megapaskali 2.3, kwa kukunja magoti, 1.7, kuushika mzigo huohuo karibu na kifua kulitoa 1.1. Kusimama wima kulikuwa 0.5.

Sasa rudi kwa dereva. Kilo 20, mgongo uliopinda, nusu saa baada ya kuamka, pete ya miaka 47 na kiini ambacho bado kina maji. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Lakini tusimwambie kwamba sanduku ndilo lililomharibu. Sanduku lilimalizia kazi ambayo nyufa za pete zilikuwa zimeianza kimyakimya.

Je, lori?

Aliuliza, na aliuliza kwa uchungu, kama kazi ndiyo iliyommaliza mgongo. Anastahili jibu la kweli. Tafiti za mapacha wa Finland zilizochapishwa kuanzia mwaka 1995 ziliwalinganisha ndugu wa kufanana ambao mmoja alifanya kazi nzito na mwingine nyepesi. Kwa diski za juu za kiuno, mzigo wa kazi ulieleza asilimia 7 tu ya tofauti za uchakavu; ukijumlisha umri, 16; ukijumlisha undugu, 77. Kwa L4/5 na L5/S1 tarakimu zilikuwa 2, 9 na 43. Utafiti mwingine wa mwaka 2002 uliwatazama mapacha ambao mmoja alikuwa dereva maisha yake yote na mwenzake si dereva, na haukuona diski za madereva zimechakaa zaidi. Sigara ina mchango mdogo, uzito nao una mchango. Sehemu kubwa amezaliwa nayo.

Hii haina maana kwamba kuendesha hakuumizi. Kukaa muda mrefu kiuno kikiwa kimepinda huvuta mzizi uliokwisha kuvimba na kuzitesa nyuzi za nyuma za pete, na mtu mwenye neva iliyobanwa ataumia kwenye kiti. Kuumiza na kuchakaza ni mambo mawili, na akitofautisha hayo, hofu ya kurudi kazini hupungua nusu.

L5/S1 ilivyonyamaza

Diski inayochakaa hupita vipindi vitatu ambavyo madaktari wa mifupa wamevieleza tangu miaka ya 1970: kwanza hitilafu ndogondogo za pete na viungo vidogo vya nyuma ya pingili, kisha kulegea, ambapo pingili mbili hucheza kupita kiasi, mwisho kujikaza upya, vichomozo vya mfupa vikiota na nyuzi zikijaza nafasi mpaka sehemu ile iwe ngumu. Kipindi cha kati ndicho chenye fujo. L5/S1 ya mgonjwa huyu iko kipindi cha tatu. Modic aina ya 2, mafuta kwenye uboho, ni alama ya jambo lililopoa. Aina ya 1, yenye uvimbe wa majimaji, ndiyo inayofungamana zaidi na maumivu ya kiuno. Diski ya daraja la V inaweza kuuma pia, hasa neva ndogo zikiota kufuata nyufa hadi ndani ya pete, mahali ambapo hazipo katika diski yenye afya. Kwake ushahidi haukuwepo: kiuno kilikuwa kimya kwa miaka saba.

Naye hayuko peke yake. Mapitio ya mwaka 2015, yaliyokusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, asilimia 68 ya wa miaka 40, asilimia 80 ya wa miaka 50 na asilimia 96 ya wa miaka 80. Diski iliyotuna ilikuwepo kwa asilimia 60 ya wenye miaka 50. Neno "imesagika" kwa mtu wa miaka 47 ni sawa na kumtajia mvi. Tungependa kila ripoti ya MRI ya kiuno iandikwe tarakimu hizo chini yake, maana tumeona watu wazima wakiogopa kumbeba mtoto kwa sababu ya sentensi moja ya mtaalamu wa picha.

Matibabu, wiki baada ya wiki

Wiki ya tatu nguvu ya kidole ilikuwa 4, haikuwa inashuka. Uamuzi ulikuwa kusubiri kwa mpango, pamoja na miadi ya kila wiki ya kupima nguvu. Mpaka uliwekwa wazi mwanzoni: ikishuka hadi 3 au chini, au mguu ukianza kuburuta, anaonwa na daktari wa upasuaji wiki hiyohiyo.

Kulala kitandani kuliruhusiwa siku moja au mbili maumivu yakizidi, si zaidi. Kutembea dakika 10, mara tatu au nne kwa siku, kwenye ardhi tambarare. Kila baada ya siku tatu dakika 5 ziliongezwa, hadi kufikia 30 mfululizo. Kukaa, mwisho dakika 20 kwa mkupuo. Saa moja hadi mbili za kwanza baada ya kuamka, hakuna kuinama: soksi zilivaliwa akiwa amelala chali na goti limeletwa kifuani taratibu, uso ulioshwa akiwa ameegemea mkono mmoja ukutani, na viatu vilikuwa vya kutumbukiza mguu tu. Maelekezo haya yanaonekana madogo mno kuwa dawa. Jaribio la mwaka 1998 kwa watu wenye maumivu sugu ya kiuno liliona kuzuia kuinama asubuhi pekee kulipunguza maumivu.

Dawa ilikuwa ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 pamoja na chakula, kwa siku 7, baada ya kuhakikisha hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala shinikizo la juu la damu. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva aliyokuwa ameandikiwa mahali pengine, ilisimamishwa kwa kupunguzwa hatua kwa hatua. Jaribio kubwa la mwaka 2017 halikuona ikipita plasebo, kidonge kisicho na dawa, kwa maumivu ya mguu ya aina hii, na kizunguzungu chake hakifai kwa dereva. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na mzizi iliwekwa akiba, kwa kuwa nafuu yake ni ya muda mfupi.

Zoezi la kwanza lilikuwa kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, kiuno kikiachwa kilegee, mara 10 kila baada ya saa tatu. Kanuni yake ni moja na haivunjwi: maumivu yakipanda kutoka mguuni kuelekea kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi, endelea, yakishuka zaidi mguuni, acha hapohapo. Kwake yalipanda kutoka kidole hadi pajani ndani ya siku tano. Wengi huliharibu zoezi hili kwa kukaza makalio au kwa kufanya mara 30 kwa pupa. Wiki ya tano yakaongezwa mazoezi ya kukaza kiwiliwili bila kukunja mgongo: kupiga magoti na kuegemea mikono, kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, na kujiinua ubavuni kwa kiwiko na magoti, kila mkao sekunde 8 hadi 10, marudio 6, kisha 4, kisha 2. Mazoezi ya kukunja tumbo kutoka sakafuni yalikatazwa kabisa.

Je, kipande kile cha milimita 7 kingebaki pale? Watu hudhani kikubwa ni kibaya zaidi. Kwa hili mambo huenda kinyume. Kiini kikishatoboa pete na kufika mahali penye damu, mwili hukiona kigeni. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza vitu, hukimega, na mishipa midogo ya damu huota ndani yake. Mapitio ya mwaka 2015 yalikuta vipande vilivyokatika kabisa hupungua vyenyewe kwa asilimia 96 ya wagonjwa, vilivyotoboa pete kwa asilimia 70, vilivyosukuma pete bila kuitoboa kwa asilimia 41, na diski zilizotuna tu kwa asilimia 13. Cha mgonjwa huyu kilikuwa kimetoboa.

Wiki ya sita maumivu ya mguu yalikuwa yameshuka kutoka 8 hadi 3 kati ya 10. Kama yasingeshuka, upasuaji mdogo wa kuondoa kipande cha L4/5 ungekuwa uamuzi halali: jaribio la Uholanzi la mwaka 2007 lilionyesha waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, ingawa baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa sawa, na asilimia 39 ya waliosubiri waliishia kupasuliwa. Anayepasuliwa hununua muda, na kwa mtu anayelala saa mbili kwa usiku muda huo una thamani. Kosa lingekuwa kupasua L5/S1. Kuunganisha pingili hizo kwa skrubu kwa sababu ya weusi wa picha kungemwachia mzizi wa L5 uleule umebanwa, na kungeongeza mzigo kwa L4/5, diski ileile iliyopasuka.

Kosa jingine ni la hesabu. Baadhi ya watu wana pingili ya mwisho iliyoungana na sakramu, au pingili ya kwanza ya sakramu iliyoachana nayo, na ripoti moja ikihesabu kutoka juu na nyingine kutoka chini, L4/5 ya hapa ni L5/S1 ya kule. Kabla ya kisu chochote, pingili huhesabiwa upya kwenye picha inayoonyesha safu yote au angalau ubavu wa mwisho.

Wiki ya 12 alirudi barabarani: egemeo la kiti limelazwa nyuzi 100 hadi 110, pochi haimo mfuko wa nyuma, kusimama kila dakika 45, na baada ya safari ndefu kutembea dakika 5 kabla ya kugusa mzigo. Mwezi wa nne kidole gumba kilikuwa na nguvu 5. Picha ya pili haikupigwa. Hakuna jibu lake ambalo lingebadilisha matibabu.

L4/5 yake haitarudi daraja la II. Itaendelea kupoteza maji, kuna uwezekano itoke tena katika miaka michache ijayo, kisha nayo italala na kukakamaa kama jirani yake. Akifika miaka 65 hatari ya kiini kutoka itakuwa imepungua na nyingine itakuwa imechukua nafasi: pete iliyotuna, viungo vya nyuma vilivyonenepa na kano iliyokunjamana hufinya mfereji kwa pamoja. Siku akiona miguu yote miwili inakuwa mizito baada ya kutembea mita mia kadhaa, na uzito huo unaisha akikaa au akiinama mbele juu ya mkokoteni, huo utakuwa ugonjwa mwingine, wenye vipimo na matibabu yake, na zoezi lile la kuinua kifua litamzidishia.